Sura ya Tisa: Tawi Lisilokuwepo

Jumapili hiyo joto la London halikuwa la kusimuliwa kwa mtu mwenye haraka. Njiwa wa stesheni ya Barking walikuwa wamekata tamaa ya kuruka; walivuka barabara kwa miguu, wakisubiri taa ya kijani pamoja na binadamu, na mmoja wao alionekana akimpisha mama mwenye kigari cha mtoto. Asiyeamini akawaulize njiwa wenyewe.

Katikati ya njiwa hao walipita wanawake wawili wasiosemezana. Wa mbele alikuwa Laurette, miaka ishirini na tisa, shingo ndefu, mwendo wa mtu anayekwenda mahali asipopataka, gauni la kijani alilolinunua kwa ajili ya harusi ambayo mwishowe hakualikwa. Wa nyuma alikuwa mama yake mzazi, Euphrasie, mzaliwa wa Bukavu na mkazi wa Tottenham, mlezi wa wazee wa watu kwa miaka kumi na saba. Alibeba mfuko wenye kitenge kipya na sufuria ya sombe iliyofungwa kwa mataulo mawili. Tangu Tottenham alikuwa ameikumbatia sufuria ile kama mtoto mchanga, na kila behewa walilopanda lilibaki likijua kuna kisamvu cha karanga duniani.

Walikuwa wanakwenda kuomba radhi kwa mama yake Sunil, mpenzi wa Laurette, na Laurette hakuwa na kosa. Alikuwa amelisema hilo asubuhi, akalisema tena wakifunga mlango, na mama yake alimjibu mara moja tu, jibu la kutosha safari nzima.

"Mi sikuulize kama uko na kosa. Minasema batu ba pale banalia. Mutu akilia juu ya mutoto wako, unaenda. Mambo ya nani alikosa, munayazungumuza kisha wamekupa kiti."

Basi Laurette akatangulia.

Sasa, ili msomaji asije akamhukumu binti wa watu bila kujua, na aelezwe. Laurette alifanya kazi katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni moja ambayo nyaya zake zinapita mashambani, kusini mashariki ya London. Kampuni hiyo ilikuwa na kitu kinachoitwa pacha wa kidijitali. Jina lisikutishe. Ni laini yote ya umeme iliyojengwa upya ndani ya kompyuta: kila nguzo, kila waya, kila mti uliosimama jirani na waya, mpaka tawi lenye tabia ya kunyoosha mkono kwenye vitu visivyolihusu. Helikopta ilipita mwezi wa tano ikavipima vyote kwa miale. Kisha juu ya nguzo zenyewe vikafungwa vihisio vidogo vinavyotuma, kila dakika, habari za joto na upepo na namna waya unavyolegea. Waya wa shambani ukilegea kwa jua, na wa kwenye kompyuta unalegea. Pacha akiona kwamba baada ya muda tawi litagusa waya, na chini pana nyasi kavu, huwasha alama nyekundu. Hapo mwenye zamu ana dakika ishirini: ampate fundi akatazame kwa macho yake, au azime laini kabla cheche haijaanguka.

Fundi wa upande ule alikuwa Sunil. Na hivyo ndivyo walivyopendana, kwa masikio kwanza. Mwaka mzima Sunil aliijua sauti tu, iliyokuwa ikimwambia upepo unapanda, shuka sasa. Nguzo inayofuata ina nyuki, jihadhari. Aliwaapia mafundi wenzake kwamba siku moja ya mwezi wa kwanza sauti hiyo ilipomwambia pole kwa baridi, barafu iliyeyuka kwenye ngazi nzima, kuanzia juu mpaka chini, akashuka kama mtu anayeshuka kitandani. Wenzake walicheka. Yeye alikwenda kuitafuta ile sauti, akaikuta na macho, na tangu siku hiyo hakutulia.

Mwaka wa pili ulikuwa wa kuonana. Na kuonana ndiko kulikoleta mama.

Mama yake Sunil aliitwa Hansa, mjane, Mhindi wa Kisumu, mwuza vitambaa vya sari hapo hapo Barking. Alikuwa hana ubaya na Laurette. Alikuwa tu hana pa kumweka. Dada yake Sunil, Seema, alipokaribia kuolewa, Hansa alimwambia mwanawe kwa upole kwamba msichana yule asije kwanza, maana watu mia mbili na themanini watauliza huyu ni nani, na jibu bado hajalipika. Sunil alilifikisha neno hilo akiwa ameinamisha kichwa. Laurette akalitundika gauni la kijani kabatini, akaomba zamu ya Jumamosi ile ile ya harusi, ili asikae nyumbani akihesabu sari kichwani.

Ukumbi wa harusi ulikuwa ghala la zamani la shamba, lililokarabatiwa likawa la kifahari, katikati ya mashamba yaliyokauka. Umeme wake ulitoka kwenye laini ya akina Laurette. Saa saba na dakika arobaini mchana, nguzo ya arobaini na moja iliwaka nyekundu: tawi la mwaloni, upepo mkali, waya umelegea. Alimpigia Sunil mara nne. Simu ilikuwa imezimwa, imo mfukoni mwa kurta, lile shati refu la hariri la harusi. Fundi mwingine alikuwa mbali, saa nzima na zaidi. Laurette alijua vizuri ni ukumbi gani upo mwisho wa waya ule. Saa nane kamili akazima.

Huko ghalani, bibi na bwana harusi walikuwa wanauzunguka moto wa ndoa. Mizunguko ni minne. Walikuwa wamemaliza mitatu. Feni za kuvuta moshi zikasimama, moshi ukapanda, kengele ya moto inayotumia betri ikapiga kelele, na msimamizi wa ukumbi akawatoa wageni wote nje. Saa njema iliyochaguliwa na kuhani kwa miezi mitano ilipita bibi harusi akiwa nyasini, anajipepea kwa sahani ya karatasi. Umeme ulirudi baada ya saa moja na dakika kumi. Fundi aliyefika alikagua nguzo ya arobaini na moja, akapiga picha. Hapakuwa na tawi karibu na waya.

Basi ndimi zikapata kazi. Yule msichana wa Tottenham hakualikwa, akatuma giza. Hansa aliyasikia, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa unauma, akayaamini. Ingeishia hapo ingekuwa nafuu, lakini hata kazini waliligundua jina la Sunil katika simu nne zile, wakaanza kuuliza lile lile kwa maneno ya ofisini. Jumatatu saa nne asubuhi, yaani kesho ya safari hii ya Barking, wiki tatu baada ya harusi, Laurette angekaa mbele ya kikao. Wakisema alizima kwa kisasi, ameondoka, na hakuna chumba cha umeme katika nchi hii ambacho kingempa tena kiti.

Mlango ulifunguliwa na Sunil.

Alikuwa amekonda. Ndevu za siku nne, shati limefungwa kifungo kimoja kasoro. Macho yake yalitua usoni kwa Laurette, yakakaa pale muda wa pumzi moja tamu, kisha yakakimbilia kwenye sufuria. Laurette aliliona hilo. Wiki tatu hizi alikuwa amemwona mara mbili tu, na mara zote mbili alimshika mkono kwa nguvu na kusema itapita. Alidhani ni huzuni ya mtoto aliyekatika kati ya mama na mpenzi. Mapenzi yana kawaida ya kumtafutia mtu udhuru kabla hajauomba.

"Karibuni," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye juu ya ngazi.

Hansa aliwapokea kwa adabu baridi, maji ya glasi, viti vya sebuleni vilivyofunikwa vitambaa. Laurette alikaa. Euphrasie hakukaa. Alisimama katikati ya zulia, akaushusha mfuko, akamtazama mwenzake.

"Mama Sunil, mi sikukuya kubishana. Mutoto wangu alizima umeme ku harusi ya mutoto wako. Kama ilikuwa kazi, Mungu njo anajua. Lakini ulilia, na ulilia juu ya mutoto wangu. Naomba pardon."

Hansa hakutarajia. Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kujitetea, amenoa majibu yake tangu alfajiri, na sasa hana pa kuyachoma. Alikipokea kitenge kwa mikono miwili, akakipapasa kwa kidole gumba kama mwuza vitambaa asiyeweza kujizuia, na ilionekana kwamba kimemridhisha. Kisha akaangalia sufuria.

"Kuna samaki ndani? Nyumba hii hatuli nyama wala samaki."

"Hata harufu. Karanga tu na vitunguu. Na sufuria ni mupya, juu ile ya zamani ilijuana na samaki miaka kumi na moja."

Kona ya mdomo wa Hansa ilitikisika, akairudisha mahali pake. Alimwomba Mama Laurette akae, naye akakaa, maana sasa alikuwa amepewa kiti, na mazungumzo yangeweza kuanza.

Hansa alizungumza muda mrefu. Alieleza namna alivyoanza kuweka akiba ya sari za Seema kabla Seema hajaota meno, na marehemu mume wake alivyokuwa akisema atakufa baada ya mzunguko wa nne wa binti yake na wala si kabla, naye akaenda kabla. Alieleza jinsi alivyokaa kwenye nyasi za Waingereza akiwa na dhahabu zote shingoni, wageni wakimpigia picha. Kiswahili chake cha Kisumu kilikuwa kinakwenda mbio anapokasirika na kuchechemea anapotaka kulia.

"Mimi nimelea huyo msichana miaka ishirini na sita," alisema, "halafu nimemwoza robo tatu."

Euphrasie alisema pole, na aliisema kama anayeijua. Hansa alimgeukia Laurette.

"Wewe nakuuliza uso kwa uso, mbele ya mama yako. Ulikuwa umekasirika na mimi?"

Sunil alijisogeza kitini. Laurette hakumtazama.

"Nilikasirika, Anti," alisema. "Nilikasirika tangu siku nilipoambiwa nisije. Nililia nikiwa nimelivaa gauni hili hili. Lakini pale kazini hasira haina kitufe. Ningekuwa nalipiza, nisingempigia mwanao mara nne kumwomba aende kutazama. Ningekaa kimya, nikasubiri saa nane."

Hansa alimkodolea macho. Katika maisha yake ya dukani alikuwa amezoea watu wanaokuambia hawajakasirika.

Laurette akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha mbili alizotaka kupeleka kwenye kikao. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa tano, ilitoka kwa pacha: mwaloni, waya, na tawi nene linaloelekea kwenye waya. Ya pili ilipigwa na fundi siku ya harusi: mwaloni ule ule, waya ule ule, na pembeni hewa tupu. Alieleza, kwa sauti ya kuchoka ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, kwamba wakubwa wake wanasema helikopta ilipima vibaya, kwamba tawi halikuwepo tangu mwanzo, na mwenye zamu mwenye nia njema angelitilia shaka.

Hansa alivaa miwani yake ya kukagulia nyuzi. Aliziweka picha magotini, akazitazama kama vipande viwili vya kitambaa ambavyo mteja anadai ni vya jora moja. Dakika nzima ilipita. Njiwa mmoja dirishani alikuwa amekaa kimya naye, na ninasimulia kama nilivyosimuliwa, alikuwa anatazama picha.

"Hapa mti una mkono," alisema Hansa. "Hapa hauna. Sasa mti si mtu, aseme leo natoka na mkono, kesho nauacha nyumbani. Hao wakubwa wako hawana macho? Mtu ameukata. Nani ameukata?"

Swali hilo lilikuwa jepesi kiasi kwamba watu wenye shahada tatu tatu walikuwa wamelipita bila kuligusa. Wao walikuwa wanauliza kompyuta imekosea vipi. Laurette mwenyewe alikuwa ameshinda siku ishirini akiitafuta kasoro ndani ya pacha, hesabu baada ya hesabu. Sasa alijiona kama mtu aliyepekua nyumba nzima akitafuta miwani iliyo usoni pake. Akamgeukia Sunil kwa tumaini, uso wote umefunguka.

"Sunil anaujua mti huu vizuri kuliko mtu yeyote. Mwambie Mama, Sunil. Kuna kampuni ya kukata miti ilipita?"

Sunil alimwangalia. Hapo ndipo alipomwona kweli, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu: msichana anayeonewa, na bado anamfanya yeye shahidi wake wa mwisho. Alikuwa mtoto wa Barking, aliyezoea kusemeshwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Lakini safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, ili kinamama wote wawili wasikie bila kuhitaji mkalimani.

"Ni mimi," alisema. "Niliukata mimi."

Hansa alivua miwani.

"Alhamisi, kabla ya harusi. Nilikwenda kupeleka maua ya ukumbini, nikaliona tawi. Lilikuwa mita moja kutoka kwenye waya. Kibali cha kukata kinachukua siku kumi. Nikiripoti, nilijua watapanga kuzima laini kesho yake au Jumamosi, na Jumamosi ni ya Seema. Nikapanda. Nikalikata, nikalitia kwenye gari la kazi, nikalitupa mbali."

"Na jeraha la mti?" aliuliza Laurette. Sauti yake ilikuwa ile ya chumba cha umeme, tambarare, haina joto.

"Nililipaka tope. Lisionekane jeupe."

Ndiyo maana fundi wa Jumamosi hakuona chochote. Na ndiyo maana pacha, ambaye hajui ila anachoambiwa, aliendelea kuona tawi lililokwisha kuwa kuni. Sheria yao ilikuwa moja, tena nyepesi: ukiondoa kitu, hata kijiti, unapiga picha na kukiandika, ili pacha afanane na dunia. Sunil aliificha kazi yake ili umeme wa dada yake usizimwe, na kuificha kwake ndiko kulikouzima.

"Pacha hukumwambia," alisema Laurette.

"Hapana."

"Na mimi hukuniambia."

"Nilisema nitakuambia Jumapili ile. Halafu Mami alikuwa analia. Nikasema kesho. Nikadhani watakupa onyo, litapita, na mimi nitabaki na leseni yangu, tutafunga ndoa, nitakuambia siku moja tukicheka."

"Onyo langu kwa tawi lako."

Laurette alizikusanya picha, akazirudisha katika bahasha, akaziweka sawa pembe kwa pembe. Mama yake alikuwa akimtazama, akingoja machozi, lakini machozi hayakuja. Alitaka kusimama. Alikuwa ameshauweka mkono kwenye mkoba. Kisha kitu kilimrudia, kitu ambacho mtu mwingine mle sebuleni asingekifikiria, kwa sababu hakuwa amekaa miaka miwili akilinda uhai wa kijana huyu kwa sauti.

"Alhamisi ile," alisema taratibu, "laini haikuwa imezimwa."

"Haikuzimwa."

"Ulipanda peke yako. Msumeno mkononi, waya una moto, mita moja. Hakuna mtu aliyejua uko pale."

"Laurette."

"Na Alhamisi nilikuwa zamu, Sunil. Ungegusa, ningeiona laini imeruka, imejizima yenyewe. Ningeirudisha. Ndivyo tunavyofanya, tunairudisha mara moja kuona kama itakaa. Ningekurudishia umeme wewe mwenyewe, kwa kidole hiki, na nisijue ni wewe."

Sasa machozi yalikuja. Yalikuja yote ya wiki tatu pamoja. Alilia akiwa amekaa wima, mikono magotini, na Sunil alipoinuka kumwendea alimwekea kiganja mbele kumzuia, kisha kiganja hicho hicho kikamkamata shati, kikamvuta, kikamsukuma, kisijue kinataka nini. Kijana alipiga magoti kwenye zulia la mama yake, paji la uso kwenye mkono wa kiti, akasema samahani mara nyingi, kwa lugha tatu, mpaka neno likaisha maana likabaki pumzi.

Kinamama walikuwa wametazama pembeni, kila mmoja ukuta wake.

Alipopata sauti, Sunil alitoa simu. Alisema atawaandikia wakubwa sasa hivi, si kesho, kabla hajaanza tena kusema kesho. Aliandika kwa dakika tano, kisha akawasomea kwa Kiswahili: alipanda lini, alikata nini, alificha vipi, na kwamba mwenye zamu wa Jumamosi alifanya lile ambalo mwenye zamu yeyote mwenye akili angefanya kwa taarifa alizokuwa nazo.

"Ngoja, beta, mwanangu," alisema Hansa.

Wote walimtazama. Alikuwa ameshika kingo za kiti. Nyumba ile ilisimama kwa mshahara wa Sunil na duka ambalo siku hizi wateja wake walikuwa wanakuja kupapasa tu, wakanunue kwenye simu. Leseni ya kupanda nguzo alikuwa ameifukuzia miaka minne, na cheti chake kilikuwa ukutani, kwenye fremu, chini ya picha ya baba yake. Hansa aliutazama ukuta ule. Akamtazama msichana wa kijani, aliyekuwa anafuta uso kwa kiganja na hamwombi kitu mtu yeyote. Angeweza kusema neno moja, na mwanawe, ambaye hakuwahi kumkatalia, angesita; kikao kingepita, na msichana angekwenda zake na kisa chake.

"Umesahau kuandika kwamba alikupigia simu mara nne," alisema mwishowe. "Andika. Halafu tuma."

Sunil aliandika. Akatuma.

Haikupita robo saa simu ikalia, Jumapili hiyo hiyo. Alikwenda kuizungumzia jikoni. Walisikia ndiyo, ndiyo, naelewa. Alirudi akasema gari la kazi litachukuliwa jioni, asipande nguzo yoyote mpaka atakapoambiwa, na huenda asiambiwe kamwe. Alisema hivyo akiwa amesimama wima. Laurette aliona kwamba kile kifungo kilichopotea njia kilikuwa kimerudi mahali pake. Alikuwa amekifunga vizuri huko jikoni, wakati anasimamishwa kazi.

Euphrasie alikuwa wa kwanza kuinuka. Alisema treni zao ni za Jumapili, zina uvivu, na wao kilichowaleta kimeisha. Hansa naye akainuka, akasimama katikati ya zulia, pale pale mwenzake aliposimama mwanzo.

"Mama Laurette, wewe umekuja kwangu kuomba radhi, na kosa lilikuwa la nyumba hii. Mimi nimesema maneno mabaya juu ya mtoto wako, kwa watu wengi. Siwezi kuyamaliza hapa, kwenye kiti changu. Nitakuja kwako. Jumapili ijayo nitakuja Tottenham, na Sunil."

Euphrasie alilitafakari jambo hilo kwa uso wa mwanamke mcha Mungu asiye na hila yoyote.

"Utakuya mukono mutupu?"

"Kwa nini nije mkono mtupu? Nitaleta kitu."

"Nauliza tu. Juu kwetu, familia ya kijana ikikuya ku binti na kitu mu mukono, hatuulize imekuya juu ya nini. Tunaita tu bajomba."

Hansa alielewa.

"Hata kama imekuja kuomba radhi?"

"Hata ikikuya kuomba chumvi, Mama Sunil."

Watu wa Barking husema kwamba kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kiasi kwamba treni mbili zilipita, ya kwenda mjini na ya kurudi. Hansa alimtazama mwanawe asiye na kazi. Alimtazama yule msichana aliyemwambia nilikasirika. Pengine alikuwa anapanga jibu la kuwapa watu mia mbili na themanini. Pengine alikwisha kulipata na alikuwa analionja chumvi tu.

"Wajomba ni wangapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja. Lakini wawili bako Lewisham, wanachelewaka."

"Basi tutafika saa saba," alisema Hansa, "hao wawili watukute tumeshakaa."

Sunil aliwasindikiza mpaka getini. Euphrasie, mwenye magoti yanayouma kila siku ya Mungu, ghafla alipata miguu ya msichana, akatangulia hatua thelathini mbele bila kugeuka nyuma. Wawili wakabaki kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

Sunil alisema hana haki ya kuuliza, lakini anauliza: je, anamsamehe. Laurette alisema hajui. Alisema ana hasira itakayomchukua siku nyingi kuimaliza, na kwamba angependa kuimaliza akiwa naye karibu, maana akiimaliza peke yake huenda ikamaliza na vingine. Hilo tu ndilo alilokuwa nalo kwa leo.

"Mama yako atakuja Jumapili," alisema. "Wewe utakuja kesho. Saa nne, ghorofa ya tatu. Uwaambie kwa mdomo, mimi nikiwa nimekaa pale nakusikia."

"Nitakuja."

"Kwa basi. Gari huna."

"Kwa basi."

"Na mle ndani usinishike mkono."

Sunil aliinua macho. Yalikuwa mekundu, yamechoka, lakini kwa mara ya kwanza tangu harusi hayakukimbia.

"Na tukitoka nje?"

Laurette alimtazama muda mrefu kuliko alivyokusudia. Akamwondolea uzi mweupe wa zulia uliokuwa umenasa kwenye goti la suruali yake, akautupa, akaanza kumfuata mama yake.

"Nje," alisema bila kugeuka, "itategemea upepo."